Marejesho Yakigongana na Mbalamwezi

Pale Mwaloni Kirumba, soko letu la dagaa hapa Mwanza, kila mtu ana mkopo. Asiye nao, jana kaomba kakataliwa.

Simu ya mkopo: ukichelewa kulipa inajifunga, unabaki umeshika kioo. Boda ya mkataba: hesabu ya bosi kila jioni. Ukituma hela ikapungua buku tano, Songesha ya M-Pesa inajazia fasta, halafu mshiko ukiingia tu inakata chake kabla hujauona. M-Pawa ilivyotua 2014, wazee walishangaa simu kukopesha. Leo dogo anakopa huku anasubiri chenji ya daladala.

Kitaa kizima kinalia riba. Sawa, kausha damu, wale wakopeshaji wa kitaa wasio na leseni, ni noma. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni dari ya asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani laki inazaa buku tatu na jero. Kausha damu akikupa laki hiyohiyo anaweza kutaka laki na thelathini, na kesho asubuhi yuko mlangoni.

Ila mimi naona kalenda inatumaliza kuliko riba. Mchongo wa dagaa unafuata giza. Taa zinawavuta dagaa usiku ukiwa mweusi. Mwezi ukijaa, mitumbwi inapaki. Hapo mbebaji, mwanikaji, mama ntilie na mwana wa boda wote wanakula jua bure. Marejesho je? Yako palepale, hayajali mwezi wala mvua ya masika iliyolowesha mzigo kwenye vichanja. Ndo hapo mtu anakopa kwenye programu ya pili ya simu alipe ya kwanza, na ya tatu alipe ya pili, anajiita mjanja.

Na hizo programu! Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kuna zilizokuwa za kishenzi kinoma: unachelewa siku mbili, meseji zinamfikia mama mkwe, bosi na demu wa zamani kwamba wewe ni tapeli. Kabla hujabonyeza "kubali", cheki leseni.

Huko tuendako, mikopo ya simuni haipungui, na rekodi yako ya kulipa itakufuata kila dirisha. Kuna pia pesa za mikopo za halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake: zilisimamishwa 2023 zikarudishwa mwaka uliofuata. Hazina riba, ila lazima muwe kikundi kilichosajiliwa, na masela kwa vikao ni wavivu balaa.

Kwa hiyo ukikaa na mkopeshaji, usianze na "mnatoa ngapi?" Muulize kama marejesho yanaweza kuruka wiki ya mbalamwezi. Akicheka, sepa. Wamama wa vikoba wanajipangia ratiba wenyewe, na hawajawahi kutukataza kujiunga. Sisi ndo tunaona soo kukaa kwenye mkeka nao.