Super Custom Kuukuu: Gari la Watoto, Gari la Kukodisha

Jamaa ya Nyamityobora, jijini Mbarara, iliyo na ndugu zake katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huifahamu vyema adha ya siku ya safari. Baba, mama, watoto wanne na bibi yao hugawanyika katika magari mawili ya abiria, na mizigo hupakiwa katika gari la tatu au huachwa nyumbani. Makazi hayo, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, hayako mbali sana na Mbarara. Lakini sehemu ya mwisho ya njia ni ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha safari fupi huweza kula nusu ya siku. Basi si ajabu kwamba akiba ikifika kiasi cha kutosha, neno la kwanza kutajwa nyumbani ni gari kubwa: gari litakalowachukua wote, litakalowalaza endapo usiku utawakuta njiani, na ambalo siku nyingine litakodishwa ili lijilipe gharama zake.

Ulaya na Marekani zipo nyumba kamili za magurudumu, zenye jiko, kitanda na choo. Kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kuyageuza mabasi madogo ya Volkswagen kuwa ya kulala tangu mwaka 1951. Nchini Uganda magari ya namna hiyo ni machache, na mafundi wanaoyafahamu ni wachache zaidi. Kazi hiyo kwa muda mrefu imefanywa na Toyota HiAce ya aina ya Super Custom. Viti vyake vya nyuma hulazwa vikawa kitanda, mashine yake inafahamika kwa mafundi wa kila mji, na mengine yalikatwa paa yakawekwa paa la kuinuka ili watalii wasimame kutazama wanyama.

Jambo ambalo dalali hapendi kulitaja ni umri. Super Custom za umbo hilo ziliundwa Japani tangu mwaka 1989 hadi 2004, wakati umbo jipya la HiAce lilipotokea. Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha sheria ya usalama barabarani ikakataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Ukizipiga hesabu tarehe hizo, utaona kwamba hakuna tena Super Custom inayoweza kuagizwa. Kila moja inayouzwa leo imekwisha kuzikanyaga barabara za nchi hii miaka kadhaa, nayo imepita miaka 20. Maneno kwamba gari "limeshuka juzi kutoka Japani" yanatosha kumfanya mnunuzi ashike njia yake.

Hii haina maana kwamba gari hilo halifai. Ina maana kwamba bei yake isiimalize akiba. Jamaa inayotoa fedha zote kwa muuzaji, isibakize cha matengenezo ya injini, imenunua nusu ya gari. Yuko mtu atakayesema heri Noah, ambayo ni ndogo, haili mafuta mengi na viti vyake pia hulala. Kwa wanaokwenda Kampala kwa lami, shauri hilo ni jema. Kwa njia ya Nakivale, tumbo la Noah liko karibu mno na mawe.

Injini ya Super Custom imefichwa chini ya viti vya mbele. Muuzaji aombwe mapema asiliwashe gari siku hiyo, na mnunuzi afike asubuhi na fundi wake mwenyewe, si fundi aliyeletwa na muuzaji. Kiti kiinuliwe, injini ishikwe kwa mkono. Ikiwa ya moto, iko sababu ya kuipasha, na aghalabu sababu hiyo ni ugumu wa kuwaka. Injini ikiwa ingali baridi, kifuniko cha rejeta kifunguliwe. Maji yenye rangi ya kutu au yenye utando wa mafuta ni dalili mbaya. Gari liwashwe, na maji yatazamwe tena: yakitoa mapovu yasiyokwisha, yafaa kushuku kwamba hewa ya moto inapenya kutoka ndani ya silinda. Injini ya dizeli ya lita 3 yenye turbo, iitwayo 1KZ-TE, ina sifa ya nguvu milimani, lakini ikichemshwa mara moja tu kwa uzembe, kichwa chake cha silinda huweza kupata ufa. Mkanda wake wa ndani nao hubadilishwa kila kilomita 100,000; asiyejua ulibadilishwa lini, auhesabu kuwa haujabadilishwa.

Moshi nao husema. Wa buluu ni mafuta ya injini yanayoungua, mweusi mzito ni dizeli isiyoungua sawasawa, na mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni wa kuogopwa. Saa ya kilomita isiaminiwe peke yake. Mipira ya pedali na usukani uliosuguliwa ukang'aa ni mashahidi wakweli zaidi.

Mama wa nyumba asiachwe nyuma siku ya kulijaribu gari, kwa kuwa yako mambo ambayo fundi hayatazami. Achukue kitambaa cheupe, akitandike juu ya kiti cha mwisho, madirisha yafungwe, na gari liendeshwe kilomita 10 katika vumbi. Kitambaa kikirudi chekundu, ndivyo vifua vya watoto vitakavyokuwa. Paa lililokatwa limwagiwe ndoo kadhaa za maji, na dari ipapaswe. Mlango wa kuvuta pembeni ujaribiwe na mtoto wa miaka 10. Viti vilazwe vyote, na mtu mzima anyooshe miguu yake hapo hasa, maana sifa ya kitanda huelezwa na mgongo.

Kuhusu kulala humo, tahadhari mbili. Viti hulazwa gari likiwa limesimama. Mtoto aliyelala kitandani gari likienda mbio hana mkanda wa kumshika breki zikikanyagwa ghafula. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kama baridi ni kali, wala injini isiachwe ikinguruma huku watu wamelala, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu ya kumwamsha mtu. Mahali pazuri pa kuanzia ni Hifadhi ya Ziwa Mburo, iliyopandishwa daraja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, ambayo iko jirani na Mbarara na ina viwanja vya kupiga kambi. Watoto huamkia pundamilia.

Tugeukie kukodisha, ambako ndiko jamaa nyingi hugombana. Wateja wapo: maharusi na wasindikizaji wa kuhingira, kwaya, waombolezaji, na wagonjwa wanaorudishwa Nakivale kutoka hospitali ya Mbarara. Lakini siku wanazolitaka gari ni zile zile ambazo watoto wanalitaka, yaani Krismasi, Pasaka na likizo za shule. Baba akiahidi wateja, na mama ameahidi watoto, gari moja haliwezi kutimiza ahadi zote mbili. Siku za nyumbani ziandikwe katika kalenda mwanzoni mwa mwaka, na zisiuzwe. Daftari la mapato likae kwa mama, na kwa kila safari sehemu itengwe ya matairi na mafuta ya injini kabla fedha hazijapata kazi nyingine.

Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni na ukaguzi wa gari, na bima ya gari la nyumbani si bima ya gari la biashara. Anayekodisha kwa bima ya nyumbani huweza kujikuta, baada ya ajali, akidaiwa matibabu ya abiria wote, na nyumba ikauzwa kwa ajili ya gari.

Karatasi zikaguliwe kabla ya bei kutajwa. Namba ya chasi ilinganishwe na ile iliyo katika kitabu cha gari, jina la muuzaji lilinganishwe na kitambulisho chake, na faini za barabarani ziulizwe, kwa kuwa huandikwa kwa namba ya gari na humfuata mmiliki mpya. Kitabu kikiwa "kwa rafiki", huenda rafiki huyo ni mkopeshaji. Tena umiliki uhamishwe rasmi. Hati ya makubaliano iliyopigwa mhuri wa wakili haitoshi.

Hatimaye kamba ichukuliwe, upana na urefu wa gari vipimwe, paa la kuinuka likiwamo, kisha lipimwe lango la nyumbani. Vichochoro vya Nyamityobora ni vyembamba, na gari linalolala barabarani huamka bila betri.