Banda la Kuku Msimu wa Kipupwe

Juni ikiingia, Njombe na Makete hubadilika. Huko juu, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 na zaidi, kuna alfajiri ambazo sakitu hukutwa imetanda kwenye majani, na ukungu hauondoki hadi jua lipande. Ndipo wafugaji wa kuku wa nyumbani wanapotafuta maturubai na viroba vikuukuu, wakaziba kila upenyo wa banda. Wanafanya hivyo kwa huruma, na huruma hiyo naiheshimu. Lakini ikifika Agosti, katika mabanda yaliyozibwa hivyo, utasikia kuku wanakoroma usiku, na asubuhi utawaona wana kamasi na macho yamevimba. Wenyewe wanalaumu baridi. Mimi naulaumu unyevu, na unyevu huo tumewafungia sisi.

Kuku aliyekomaa, mwenye manyoya kamili, ameumbwa kustahimili baridi kuliko tunavyodhani. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, juu ya letu. Akihisi ubaridi hujitunisha, na hewa inayonaswa katikati ya manyoya laini ya ndani huzuia joto lisitoke. Miguuni, ambako hakuna manyoya, mshipa unaoshusha damu ya moto hupita jirani na ile inayorudisha damu baridi, hivyo joto hurudi mwilini kabla halijapotelea ardhini. Usiku hukunja mguu mmoja tumboni na kuficha kichwa chini ya bawa. Mpangilio huu wote unafanya kazi kwa sharti moja: manyoya yawe makavu. Yakilowa hugandamana, hewa inatoka, na kuku anabaki kama hana kitu mwilini.

Sasa tazama banda lililozibwa. Karibu robo tatu ya kinyesi cha kuku ni maji. Kila pumzi nayo inatoa mvuke. Mvuke huo unapanda, unakutana na bati lililopoa kwa baridi ya usiku, unageuka matone, na matone yanawadondokea kuku walewale waliofungiwa ili wasipate baridi. Chini, kinyesi kilicholowa kinatoa amonia, gesi inayochoma macho na kuharibu njia ya hewa, na hapo vimelea vya mafua ya kuku vinapata mlango. Ukitaka kupima banda lako, ingia alfajiri kabla hujafungua mlango, chuchumaa mpaka pua yako ifike pale kinapokaa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, hao wamelala humo kwa muda wa saa kumi na mbili.

Wafugaji wa nchi za theluji walishalijadili jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nchini Marekani, daktari Prince T. Woods aliandika kutetea mabanda yaliyoachwa wazi upande wa mbele hata wakati wa baridi kali, mradi kuku walale upande wa nyuma wasikofikiwa na upepo. Huko Quebec, Kanada, mtawa mmoja wa Oka alizalisha kuku aina ya Chantecler, mwenye upanga mdogo sana kichwani, kwa sababu upanga mkubwa huganda na kufa nyama. Baridi ya Makete haifikii ya Quebec hata kidogo. Kama kuku wa Quebec anahitaji hewa safi, wa Makete hana sababu ya kunyimwa.

Kwa hiyo acha nafasi ya kupitisha hewa juu kabisa, chini ya paa, kuzunguka ukuta ikiwezekana, uizibe kwa wavu wa chuma ili kicheche asipite. Hewa yenye mvuke itatokea huko. Ziba sehemu za chini, usawa wa fito za kulalia kuku na chini yake, maana upepo unaowapiga kuku wakiwa wamelala ndio unaopeperusha lile joto la manyoyani. Ufito wenyewe uwe bapa, upana wa kama kiganja, ili kuku akiketi manyoya ya kifua yafunike vidole vyote. Chini ya bati tandika dari ya nyasi kavu au mabanzi, matone yatapungua.

Sakafuni weka maranda. Ukanda wa Mafinga hadi Njombe una viwanda vingi vya mbao za misonobari, kwa hiyo maranda yanapatikana. Chukua yale mapana, achana na unga wa mbao, maana huo hutimka vumbi na vifaranga huula. Yageuze mara kwa mara, na pale penye maji ya kunywa yaliyomwagika yaondoe siku hiyohiyo.

Wengi vijijini huwalaza kuku jikoni, karibu na mafiga. Naelewa: ni pakavu, pana joto, na mwizi hafiki. Ila moshi unaumiza mapafu ya kuku kama unavyoumiza ya mama anayepika, na kuishi chumba kimoja na kinyesi ni hatari kwa watoto wa nyumba hiyo. Banda dogo lililoegemezwa ukuta wa nje wa jiko linapata sehemu ya joto hilo bila madhara hayo.

Chakula kina nafasi yake. Punje za mahindi jioni, kabla hawajapanda kulala, humeng'enywa polepole na kutoa joto usiku kucha, juu ya chakula kamili cha mchana. Maji ya asubuhi yawe vuguvugu. Kuku hapendi maji ya baridi kali, na asipokunywa hali vizuri, na asipokula hatagi. Mayai yakipungua kidogo msimu huu usishtuke: chakula kingi kinakwenda kwenye kupasha mwili. Kuku wa kishingo na yule wa manyoya yaliyopinda ndio wataumia zaidi, kwa kuwa maumbile yao yanafaa joto la pwani.

Yote niliyosema hayamhusu kifaranga. Huyo baridi inamuua kweli, na kwa haraka. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yakamilike, wiki ya tano au ya sita. Asiye na kipimajoto awatazame wenyewe. Wakirundikana kwenye chanzo cha joto na kulia, wanaona baridi, na wa chini watakufa kwa kukosa pumzi. Wakikimbilia pembeni wakitweta, joto limezidi. Wakitawanyika wakila, waache. Mama kuku anaifanya kazi hii vizuri kuliko kifaa chochote, na kwa vifaranga kumi nisingetafuta kingine. Anayetumia jiko la mkaa alizungushie kizuizi, aache upenyo wa hewa, na asiliweke kamwe katika chumba wanacholala watu. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na familia zimelala nayo zisiamke.

Na kuku wakianza kufa kwa wingi, nusu ya banda ndani ya siku chache, kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, usiseme ni kipupwe. Huo ni mdondo, na unaletwa na kirusi. Chanjo yake ya I-2, inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na inahimili joto kuliko chanjo nyingine za ugonjwa huo, hivyo inaweza kusafirishwa hadi vijiji visivyo na umeme. Mfugaji wa Makete achanje mwanzoni mwa Mei, arudie mwanzoni mwa Agosti. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo majirani wachange fedha na wachanje siku moja.