Tumbo linalofuata mwezi

Mama mmoja wa Kibirizi aliniletea mwanawe wa miaka tisa. Mtoto aliumwa tumbo kila mwezi ulipopevuka. (Kisa hiki nimekiunga kutoka familia kadhaa, asijitafute mtu humu.) Hospitali walikuwa wamempima, hawakuona kitu. “Daktari, ni majini ya ziwani,” alisema bibi yake. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya familia, na nimechoka kusahihisha. Kimoyomoyo nilikuwa na jibu langu: mtoto ana wasiwasi. Kumbe mimi na bibi tulikosea pamoja, sote tukimkodolea macho mtoto.

Mkazi wa Kigoma anajua kazi ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, vipe, yaani mitumbwi ya uvuvi, vinapumzika mwaloni na wanaume wanakaa nyumbani siku kadhaa. Nilijua hilo kwa sababu bei ya dagaa hupanda sokoni. Kulihusisha na tumbo hakukunijia.

Tiba ya kimfumo, yaani ya familia nzima kwa pamoja, huanzia kwenye uhusiano kama huo. Huuliza tatizo linatokea nani akiwepo, na likishatokea kila mmoja anafanya nini. Mbegu yake ilipandwa California miaka ya 1950, pale mwanaanthropolojia Gregory Bateson na wenzake walipochunguza namna familia zenye mgonjwa wa skizofrenia zinavyozungumza. Baadaye, mjini Milano, Mara Selvini Palazzoli na wenzake watatu wakaendeleza maswali ya mzunguko: humuulizi mama kama ana huzuni, unamuuliza binti yake ni nani huwa wa kwanza kuiona huzuni ya mama.

Basi wakaja wote: baba, mama, bibi na dada mkubwa. Nikamuuliza dada, “Mdogo wako akianza kulia tumbo, nani anamwendea kwanza?”

“Baba.”

“Na kabla ya hapo baba na mama wanakuwa wanafanya nini?”

Akamtazama bibi, akainamisha macho. “Wanahesabu.”

Wanahesabu mauzo, mafuta ya injini, nyavu, marejesho ya kikoba. Sauti zinapanda, tumbo linashika, hesabu zinawekwa kando na wazazi wanahangaika pamoja juu ya kitanda kimoja. Mtoto haigizi, maumivu ni ya kweli. Ila nyumba nzima imeshazoea kupumulia tumboni mwake.

Najua msomaji wa Ujiji atasema hiyo si ndiyo kazi ya kikao cha ukoo? Inakaribia. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka. Lakini mara nyingi kikao humsaka mkosaji, na wazee wanaokaa humo wana upande wao. Mtaalamu akichukua upande amekwisha.

Kutochukua upande ndiko kunakokula miaka ya mafunzo. Muhimbili hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, na vitabuni utasoma mengi. Tiba ya familia, hata hivyo, hufundishwa kwa kutazamwa ukiifanya, mwalimu akiwa nyuma ya kioo au kimya pembeni. Tena unachora kwanza ukoo wako, vizazi vitatu: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari ya kukunjakunja penye ugomvi. Mchoro wangu ulinitia aibu. Ugomvi wote niliuchora upande wa baba, na katikati nikajiweka mimi, kifungua mimba, mpatanishi tangu nikiwa darasa la kwanza.

Ndiyo maana baba wa Kibirizi alipopandisha sauti mbele yangu nilirukia kuwatuliza. Kikao kilichofuata hakuja. Nilipomsimulia msimamizi wangu, aliniuliza swali moja: “Siku ile tumbo lilikuwa la nani?”

Nilimwendea baba mwaloni, nikamwomba radhi, akarudi. Safari hii waligombana nami nikanyamaza, huku dada akikaa na mdogo wake.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Baba akawa nyumbani miezi mitatu, pesa hakuna. Mwezi ulipevuka mara tatu. Tumbo liliuma mara ya kwanza tu. Bibi anasema ziwa lilifungwa hata kwa majini. Sikubishana naye. Ni yeye aliyeamuru hesabu zifanywe mchana, nje, chini ya mwembe, watoto wakiwa shule.