Mihuri ya RNA na Saratani ya Mapafu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi moshi unavyoiharibu DNA ya seli za mapafu. Leo tunaingia kwenye RNA, nakala ya jeni ambayo seli huisoma inapotengeneza protini. Nakala hiyo hugongwa mihuri ya kikemikali. Mmojawapo, m6A, ulitambuliwa mwaka 1974. Haubadilishi maagizo yenyewe, ila huathiri nakala itadumu muda gani na itasomwa mara ngapi.

Protini iitwayo METTL3 ndiyo inayougonga. Mwaka 2011 ikabainika kwamba nyingine, FTO, huufuta, na hapo utafiti ukapamba moto, maana kinachoweza kufutwa huenda dawa ikakifikia.

Mwaka 2016 kundi la Richard Gregory, mjini Boston, lilionyesha kwamba METTL3 huzidi katika aina moja ya saratani ya mapafu, nayo huzichochea seli zitengeneze EGFR kwa wingi, protini inayoiamuru seli igawanyike. Cha kushangaza, METTL3 iliweza kuchochea usomaji wa nakala hata iliponyimwa uwezo wa kugonga muhuri. Kwa hiyo dawa inayozuia kugonga tu huenda isitoshe kwa uvimbe wa namna hiyo. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, STC-15, ilianza kujaribiwa kwa binadamu mwaka 2022.

Sasa turudi nyumbani, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, ambako Denis Burkitt aliieleza saratani ya taya za watoto mwaka 1958, na ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1967. Huku, mgonjwa wa saratani ya mapafu anakohoa, anakonda, picha ya kifua ina doa. Anaanzishiwa dawa za kifua kikuu, miezi inapita, na uvimbe unaendelea kukua. Wagonjwa wengine hawajavuta sigara kamwe, ila wamepikia kuni na makaa maisha yao yote.

Mihuri ya RNA haipimwi bila kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, na RNA huoza upesi kisipogandishwa mara moja. Naamini hapo ndipo fedha zetu ziende kwanza: madaktari wa kuchukua kinyama, majokofu ya baridi kali, na umeme usiokatika. Tusipofanya hivyo, dawa zitatengenezwa kwa kuchunguza mapafu ya watu wa Boston, na moshi wa sigiri za mtaa wa Katwe, Kampala, hautakuwamo katika hesabu.

Wiki ijayo: jinsi kinyama cha pafu kinavyochukuliwa.