116: Nambari ya Kupiga Hata Kama Huna Kredo

Tuseme ni saa nne usiku. Ploti imetulia, ila mtoto wa nyumba ya tatu anapigwa tena. Unashika simu, unaangalia salio, hakuna kitu. Wengi wetu hapo tunarudisha simu mezani na kuongeza sauti ya TV.

Kumbe 116 ni ya bure. Unaipiga bila kredo, mchana au usiku, na hata kabambe inatosha kwa sababu haihitaji intaneti. Ni laini ya Childline Kenya, wakishirikiana na serikali. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, mzazi pia, na jirani kama wewe. Unachosema kinabaki siri. Na si lazima iwe ni kipigo: kuna mtoto aliyeachwa peke yake, msichana anayetafutiwa mume badala ya kurudi shule, au aliyeguswa vibaya na mtu wa nyumbani. Hata mzazi ambaye malezi yamemlemea apige tu.

Ukipiga, eleza mahali vizuri. Taja mtaa, stage iliyo karibu, shule au kanisa, maana "hapo kwa mama mboga" haitamfikisha mtu. Kama mtoto yuko hatarini sasa hivi, piga polisi kwanza, 999 au 112.

Sasa tuje kwa pesa, ambayo ndiyo kazi yetu. Kupata msaada wa 116 hakuna "ada ya kufungua faili". Anayekuomba utume kitu kidogo ndio kesi isonge, au akuulize PIN, huyo ni tapeli. Kuwa makini zaidi mtoto akipotea. Ukiweka nambari yako kwenye tangazo, tapeli naye anaiona, halafu anakupigia: "Niko na mtoto wako, tuma nauli." Tunajua wakati huo mzazi angetuma hata kodi ya nyumba. Usitume. Mwambie ampeleke mtoto kituo cha polisi kilicho karibu, mkutane huko. Kama umeshatuma, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, kabla pesa haijatolewa kwa wakala.

Kwa mtu mzima anayedhulumiwa nyumbani, nambari ni 1195, nayo pia ni ya bure.

Hifadhi 116 kwenye simu leo, kisha umfundishe mtoto aikariri. Siku atakayoihitaji, huenda simu yako haitakuwa karibu naye.