Unataka jakuzi nyuma ya nyumba? Anza na hesabu ya maji

VIDEO za TikTok zimetupa hamu. Siku hizi kijana wa Jomvu Kuu akipata kazi ya maana, hawazii tena sofa na TV kubwa pekee. Anawaza jakuzi la kujengea pale uani, marafiki waje wikendi, au hata wageni wa kulipia. Si wazo baya. Lakini kabla hujamwita fundi, kaa chini na kalamu.

Swali la kwanza ni ardhi. Mombasa kuna nyumba nyingi ambazo jengo ni lako lakini shamba ni la mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Sofa utahama nayo, jakuzi la zege huwezi. Kama ni uwanja wa familia, kaeni kikao na wazee kwanza. Kisha pata idhini ya ujenzi kutoka kaunti.

Pili, maji. Shimo la mita 2 kwa 2, lenye kina cha sentimita 90 za maji, linabeba lita 3,600. Hiyo ni mitungi 180 ya lita 20! Tukisema mtungi ni Sh20, kujaza mara moja ni Sh3,600. Na maji ya Mombasa yanatoka mbali: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Mfereji ukikauka, mama akitafuta maji ya kupikia, jakuzi lako litazua maneno. Kwa hivyo tangi la akiba liingie kwenye bajeti. Maji ya kisima nayo yapimwe, kwani yenye chumvi hula pampu na hita.

Tatu, udongo. Maji hayo pekee yana uzito wa tani 3.6. Udongo wa mfinyanzi huvimba mvua ya masika ikinyesha na kunywea jua likiwaka, na sakafu nyembamba itapasuka. Usibane pesa kwenye vyuma, zege na dawa ya kuzuia maji. Vigae vya bei vinaweza kungoja.

Nne, stima. Kupasha lita 3,600 kutoka nyuzi 28 hadi 38 kunahitaji karibu uniti 42. Kwa Sh30 kila uniti, ni Sh1,260 kwa siku moja ya raha. Lakini jiulize, kwa joto hili la Pwani, hita ya nini? Jakuzi la maji baridi lenye pampu na chujio linatosha, na hita unaweza kuongeza baadaye ukiacha nafasi ya mabomba. Waya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, pamoja na swichi ya kukata umeme ukivuja. Hapo hakuna kubahatisha.

Tano, watoto wa jirani. Uani kwetu hakuna geti la kweli, mtoto huingia akifuata mpira. Kifuniko kigumu chenye kufuli si mapambo, ni uhai wa mtu.

Chukua bei kwa mafundi watatu, kwa maandishi, kisha ongeza asilimia 15 ya dharura. Ukiona jumla inakula akiba yako yote, chimba mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba, na jakuzi pia.