Hesabu imefanyika, lakini jibu liko wapi?

Kijana mmoja anayemsaidia mhazina wetu kuandika michango ya akina mama alinijia na kompyuta yake. Anajifunza Python, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Akaniambia: «Pasta, kompyuta inajumlisha, lakini jumla siipati.»

Alikuwa ameandika fonksio, yaani kipande cha programu chenye jina lake na kazi yake:

def jumlisha(orodha):
    jumla = 0
    for kiasi in orodha:
        jumla = jumla + kiasi

Hapo «jumla» ni kigeu, yaani jina linaloshika thamani. Kigeu kilichozaliwa ndani ya fonksio huishi humo tu. Kazi ikiisha, kinatoweka. Ukikiita kutoka nje, Python inajibu kwamba haijui jina hilo. Mpango huu una faida: fonksio mbili zinaweza kutumia jina moja bila kuharibiana hesabu.

Kijana alijaribu kwanza kuongeza print(jumla) mwishoni. Kwenye kioo ikaonekana 10000, akafurahi. Lakini kuonyesha si kukabidhi. Alipotaka kuongeza kiasi hicho kwenye akiba ya zamani, programu ilikataa, kwa sababu fonksio ilikuwa imerudisha None, maana yake hakuna kitu.

Kisha akaweka jumla = 0 nje, na ndani akaandika global jumla, ili fonksio iguse kigeu cha nje. Mara ya kwanza akapata 10000. Alipoiita fonksio tena kwa orodha ileile, akapata 20000! Hakuna mama aliyeongeza hata faranga moja. Ni kigeu cha nje kilichobaki na hesabu ya kwanza.

Njia iliyo salama ni kurudisha jibu kwa return, na kulipokea nje kwa jina:

def jumlisha(orodha):
    jumla = 0
    for kiasi in orodha:
        jumla = jumla + kiasi
    return jumla

michango = [5000, 2000, 3000]
hazina = jumlisha(michango)

Sasa hazina ni 10000, hata ukirudia mara kumi. Angalieni pia kwamba return inasimama sambamba na for. Ukiisogeza ndani zaidi, chini ya mstari wa kujumlisha, fonksio itaishia kwa mchango wa kwanza na kukupa 5000.

Ukihitaji majibu mawili, andika return jumla, len(orodha), kisha upokee hivi: hazina, idadi = jumlisha(michango). Utapata fedha na hesabu ya michango pamoja.

Ndugu zangu, fedha hizo ndizo zinazomlipia mama mgonjwa dawa. Ripoti ikisema 20000 na sanduku lina 10000, atakayeshukiwa si kompyuta, ni mhazina. Kwa hiyo vijana, jaribuni kwanza programu yenu kwa orodha fupi mnayoweza kuihesabu kwa vidole, kisha linganisheni jibu na daftari.